Shemeji Chini ya Kofia

Nilijifunza kurusha ndege ndani ya mawingu kwa sababu ya hasira. Wapo wanaojifunza kwa kuipenda anga, wapo wanaotafuta ajira. Mimi nilikuwa na mtu mmoja kichwani, na kila nilipopanda ndege nilimpakia naye. Mtu huyo alikuwa mume wa dada yangu.

Kwetu shemeji ana ruhusa ambayo hakuna baraza linaloweza kuifuta. Anaweza kukusema atakavyo mbele ya watu, akakuiga unavyotembea, akakutangaza mvivu siku uliyoamka kabla ya jogoo, nawe unatakiwa kucheka. Ukinuna umeshindwa, na habari za kununa kwako zitatangulia kufika sokoni kabla yako. Njia ya kujiokoa ni moja tu: kumrudishia. Urudishe kwa utani uleule, mbele ya watu walewale, na urudishe kwa uzito unaozidi ule uliopewa. Nilikulia kijijini Nyakisasa, wilayani Ngara, chini ya sheria hiyo, na sikuwahi kuiona ni ngumu mpaka siku iliponigeukia mimi.

Shemeji alikuwa rubani kabla sijajua kusoma. Alibeba mizigo ya misaada miaka mingi, akazunguka nchi ambazo sisi tulizisikia redioni tu, kisha akarudi Ngara kulima kahawa na kufundisha vijana wachache kurusha ndege. Yeye na rafiki zake wachache walikuwa na ndege moja ndogo ya injini moja, iliyolala kwenye banda la mabati pembeni ya uwanja wa nyasi. Ukitaka kuruka asubuhi, kwanza unafukuza mbuzi. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshapata leseni yangu ya urubani binafsi kwenye shule moja ya mjini. Niliruhusiwa kuruka siku za jua, ardhi ikionekana. Lakini Ngara ni nchi ya vilima, na vilima vya kwetu huamka vimejifunika mawingu kama wagonjwa waliojifunika shuka. Rubani wa jua, huku kwetu, ni rubani wa nusu mwaka. Nikamwendea anifundishe kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma saa za ndege bila kuona nje.

"Unataka kuingia mawinguni kutafuta nini?" aliniuliza. "Malaika?"

"Nataka kutokea upande wa pili."

Alilipenda jibu hilo. Kesho yake akaniletea kofia.

Kofia ile ilikuwa ya plastiki, na ukingo wake ulikuwa mrefu, umejikunja chini kama mdomo wa bata. Ukiivaa huoni dirisha. Huoni kilima wala anga. Unaona saa za ndege tu, zimejipanga mbele yako na mishale yake midogo. Moja inachora mstari wa ardhi na mbingu, nyingine ni dira, nyingine inapima kimo, nyingine mwendo. Macho yanatakiwa yatembee juu yake bila kupumzika, kama mama mwenye watoto wengi karibu na moto. Mwalimu anakaa kando yako akiwa na dunia nzima, wewe umebaki na mishale.

"Mwili ni mwongo," alinifundisha siku ya kwanza. "Makalio yatakwambia unapanda, kumbe unashuka. Masikio yatakwambia umenyooka, kumbe umelala ubavu. Usisikilize chochote kilicho chini ya macho yako."

Sitamnyima haki yake. Alifundisha vizuri, kwa sauti ya chini, bila kunipokonya usukani. Ndiyo maana alichofanya baadaye kilichoma.

Ilikuwa kiangazi, wakati wa kuchoma nyasi ili malisho mapya yaote. Asiye wa huku atadhani watu wanachoma ovyo. Hapana, wafugaji wa sehemu moja hukubaliana siku, wakachoma pamoja na kulinda moto pamoja, na jamaa zao wote hujua. Wajomba zangu wako Nyabusozi, karibu na Biharamulo, pale pa kuanzia kushuka. Nilijua siku yao. Ilikuwa ndiyo siku tuliyoruka.

Tuliondoka Ngara kuelekea Biharamulo, mimi chini ya kofia. Kazi yangu ilikuwa rahisi: kushika dira, kushika kimo, kuhesabu muda kwa saa, na muda ukitimia nianze kushuka. Mishale ilitulia. Nilijisikia kama mwanamke aliyebeba mtungi kichwani bila kuushika. Kisha, kwenye kitundu cha hewa, ukaingia moshi.

Moshi wa nyasi, mzito, mtamu kidogo. Mara tu baadaye ndege ikasukumwa kutoka chini na joto la moto. Moyo wangu uliruka: Nyabusozi! Niliona kwa akili yangu mjomba ameshika tawi bichi, anapiga ndimi za moto pembeni mwa njia. Saa ya ndege ilisema bado sana. Nikaona saa imekosea. Nilikuwa nimefika kwa wajomba, nani angeniambia mimi kwa wajomba ni wapi? Nikapunguza nguvu ya injini, nikageuza, nikaanza kushuka.

Shemeji alikunja mikono. Aliniacha nishuke, nishuke, mpaka nikasikia anavuta pumzi kama mtu anayezuia chafya.

"Vua kofia."

Nikavua. Chini yangu palikuwa Nyakahura, bado mbali na Nyabusozi, siku ya gulio. Malori yamepangana kando ya barabara, ng'ombe wamefungwa kwenye miti, akina mama wa ndizi wamesimama wameziba jua kwa viganja, wanatutazama. Ng'ambo ya soko kilima kizima kilikuwa kinaungua. Wafugaji wa pale nao walikuwa wamechagua siku hiyo.

"Mwanangu," shemeji alisema, na machozi ya kicheko yalikuwa yanamtoka, "ulitaka kununua ndizi?"

Nilicheka. Nilijua nimekosea na nilistahili. Kama angeishia pale, ningekuwa leo nasimulia habari nyingine.

Jumapili iliyofuata dada yangu aliandaa sherehe ya kipaimara cha binti yao. Ukoo ulijaa uwanjani: wazee kwenye viti vya mbele, jamaa wa Biharamulo, waumini wenzao, rafiki zake wale wa ndege. Pombe ya ndizi ilipozunguka, shemeji akasimama. Alijifunika uso kwa sahani, akashika usukani wa hewani, akaanza kunusa.

"Ndugu zangu, msione tumekaa hapa na mtu wa kawaida. Shemeji yangu huyu haangalii saa, haangalii dira. Anarusha kwa pua! Fuu! Fuu! Hapa ni kwa mjomba... hapa pana maharage yanaungua... hapa ni Nyakahura, nishushieni mkungu mmoja!"

Watu walianguka. Mzee mmoja alimwaga pombe yake yote mapajani. Mama yangu alijiziba mdomo kwa kanga. Nami nilicheka, meno yote nje, kwa kuwa sheria ni sheria. Nilipomtafuta dada ili anitazame kwa jicho la damu moja, nikamkuta ameinama juu ya sufuria, mabega yanatetemeka. Alicheka kuliko wote.

Toka siku hiyo nikawa Rubani wa Pua. Nikipita Nyakahura, muuza mahindi ya kuchoma aliniita, "Rubani wa Pua, njoo unuse, haya yameiva?" Wenye bodaboda walivuta kamasi kwa pamoja nikipita. Lakini hayo ningeyameza. Ambalo halikumezeka lilikuwa jingine. Kila nilipomwomba shemeji aseme kwamba niko tayari kwa mtihani wa kuruka kwa vyombo, alinishika ncha ya pua, akaichunguza kama daktari, akatikisa kichwa.

"Bado. Haijapona."

Kiangazi kikaisha. Mvua zikaanza. Bado haijapona. Nikaelewa kwamba mzaha wake umekuwa mtamu kiasi kwamba hataki uishe, na leseni yangu ya vyombo ndiyo ingekuwa mwisho wake. Hapo ndipo nilipoapa. Sikuapa kwa Mungu, maana nilihofia angenishauri nisamehe.

Nilijifunza kama mtu anayenoa panga. Nyumbani kwa mama, Nyakisasa, nilichora saa zote za ndege kwenye boksi la sabuni, nikaliegemeza ukutani, nikakaa kwenye kigoda nikipitisha macho: katikati, kushoto, katikati, kulia. Nilifanya hivyo mama akichambua maharage mbele yangu.

"Unasali?" aliniuliza.

"Nalaani."

"Basi laani polepole, kuku wanashtuka."

Nilipochoka kukaa, nilichukua ungo, nikaufunga kichwani kwa kanga ili uniinamie usoni kama ile kofia, nikatembea shambani nikifuata dira ya simu. Miguu ilinivuta upande wa njia niliyoizoea tangu utoto. Mshale ulisema vingine. Nilijilazimisha kuutii mshale. Nilikanyaga viazi, nikaingia kwenye mfereji, nikaugonga mgomba kwa paji la uso.

"Mwanangu," mama akaniita kutoka jikoni, "mgomba huo ni wangu, si wa shemeji yako!"

Alikuwa anajua. Akina mama wanajua harufu ya kisasi kama wanavyojua maziwa yaliyoanza kuchacha. "Mwache," aliniambia jioni ile. "Ni mume wa dada yako." Nikamjibu kwamba simgusi. Nitamrudishia tu kile alichonipa, pamoja na chombo chake.

Nilikwenda Mwanza kwa mwalimu mwingine. Hakujua pua yangu ina historia gani. Alinirusha juu ya ziwa, ndani ya mawingu halisi, meupe na yasiyo na pembe, ambamo mwili wangu ulipiga kelele kwamba tunaanguka, nami nikauacha upige kelele, kama unavyomwacha mtoto wa jirani alie. Niliposhindwa nilirudia. Niliposhinda nilirudia pia. Nikafanya mtihani, nikafaulu, nikarudi Ngara, nikanyamaza. Nilimwambia mama peke yake, naye alifurahi kwa sauti ndogo, kwa hofu ya kile nitakachokifanya na furaha hiyo.

Sikuhitaji kungoja sana. Leseni ya vyombo ni kama shamba: usipolipalilia linarudi kuwa pori. Shemeji alikuwa amezama kwenye kahawa yake msimu mzima, hajaruka kwa vyombo, na sheria ilimtaka avae kofia tena na kufanya mazoezi, pembeni yake akae rubani wa kumtazamia nje. Rafiki zake walikuwa safarini. Akaja kwa mama, akakaa juu ya gogo, akaomba maji.

"Shemeji," akasema, "kesho niazime macho yako."

"Macho yapo. Na pua nije nayo?"

"Pua iache na mama. Atanusia maharage."

Dada alisema atakuja nasi. Alikuwa na mgonjwa wa kumwona Biharamulo. Nilipoyasikia hayo nilimshukuru Mungu yuleyule niliyemkwepa. Shahidi amejileta mwenyewe.

Kulikuwa na jua. Dada alikaa nyuma na kapu la matunda mapajani. Tulipopanda juu ya vilima shemeji akavaa kofia, na kwa muda alikuwa yuleyule wa zamani, mikono laini, dira imetulia. Nilianza kuogopa kwamba atanishinda. Kisha akajiamini.

"Nipe na yale ya kufumba macho," akasema. "Unichanganye, halafu uniachie. Usinionee huruma."

Ni zoezi la kawaida. Mmoja anafumba macho na kuinamisha kichwa, mwenzake anaipindua ndege anavyotaka, kisha anamwambia afungue macho ainyooshe kwa kusoma vyombo. Marubani wengi huipindua kwa nguvu, kushoto, kulia, juu, chini. Mimi sikufanya hivyo. Nilichukua usukani nikauinamisha kushoto polepole sana, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia. Sikio haliwezi kusikia kitu cha polepole namna ile. Bawa la kushoto likateremka mpaka msitu wa Biharamulo ukajaa dirishani. Nyuma, dada alishika kapu lake. Nikageuka nikajiwekea kidole mdomoni, kumwashiria asiseme.

"Shemeji," nikauliza kwa upole, "sasa tumekaaje?"

"Tumenyooka," akasema macho yamefumbwa. "Kama rula. Mbona hujaanza?"

Dada alitazama msitu uliosimama wima ubavuni mwake, akamtazama mume wake, akatazama tena msitu.

Kisha nikainyoosha ndege ghafla. Sasa ndiyo tulikuwa tumenyooka kweli, na nilijua mwili wake unamwapia kwamba tumelalia kulia.

"Fungua. Ndege ni yako."

Akafungua. Vyombo vilimwambia: umenyooka. Mwili ukamwambia: unaanguka kulia. Na mwalimu wangu, aliyenifundisha kwamba mwili ni mwongo, akausikiliza mwili. Akapinda kushoto kwa nguvu. Pua ya ndege ikainama, mwendo ukapanda, upepo ukaanza kupiga mluzi mlangoni. Akavuta usukani, na kwa kuvuta akaukaza mzunguko, tukawa tunazunguka kama jani.

"Vyombo, shemeji," nikasema. "Soma vyombo."

"Vyombo vimekufa!" akapiga kelele. "Vyote vimekufa!"

Dada alianza Salamu Maria, akaruka maneno ya katikati, akaanza upya. Matunda yalibingirika sakafuni. Mikono yangu ilikuwa karibu na usukani, na kimo tulikuwa nacho cha kutosha. Niliking'ang'ania kwa jicho kipima kimo kila mzunguko. Ningeweza kusema neno mapema zaidi. Nilikuwa na neno hilo mdomoni, tamu, nikalishikilia kidogo ili liyeyuke.

"Vua kofia."

Akavua. Akaiona dunia, ilikuwa mahali ambapo hakuitarajia. Nikachukua usukani, nikapunguza nguvu ya injini, nikanyoosha mabawa, nikainua pua, na ukimya ukarudi ndani ya ndege. Vyombo vyote vilikuwa hai. Alivitazama kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu watoto baada ya moto.

Tulitua Biharamulo. Dada aliteremka, akaokota matunda yaliyobaki mazima, akasema, "Nyie wawili mna wazimu," akaondoka. Sijui alimwambia nini usiku ule. Najua tu kwamba alipotualika kwenye sikukuu ya mavuno, shemeji alinivizia nje, kwenye ndoo ya kunawia mikono, akanimiminia maji kwa kata bila kunitazama.

"Shemeji," alisema. Sauti haikuwa na mzaha ndani yake. "Lile la juzi liache. Mle ndani wamo watu ninaowafundisha."

"Na Nyakahura?"

"Nyakahura ilikuwa utani."

"Na hili ni utani."

"Nakuomba."

Mtani haombi. Akiomba, ametoka kwenye utani, amesimama nje yake kama mtu aliye nje ya nyumba yake usiku wa mvua, na ni wewe uliye ndani mwenye ufunguo. Nililielewa hilo. Mtu asidhani sikulielewa. Maji yalikuwa yanatiririka vidoleni mwangu, naye alikuwa bado anamimina, na mikono ilishakuwa safi.

Nikaingia ndani. Pombe ilipozunguka nikasimama, nikachukua ungo ukutani nikajifunika uso, nikakaa wima kama rula. Nikawasimulia yote. Niliiga sauti yake, niliiga mikono yake ikivuta usukani. Niliposema "Vyombo vimekufa!" paa lilikaribia kuondoka. Mzee yuleyule alimwaga tena pombe. Mtu mmoja aliuliza kama kweli, nami nikanyoosha kidole kwa shahidi. Dada akasema, "Kweli. Mimi nilikuwa natazama msitu, yeye anasema amenyooka." Wakacheka upya. Na hapo nikasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, kwamba leseni yangu ya vyombo ninayo tangu wakati wa mvua.

Shemeji alicheka. Alicheka mpaka mwisho, sheria ikiwa sheria, na alikuwa wa kwanza kunipigia makofi. Hajanitania tena tangu siku ile. Tukikutana ananipa mkono, ananiuliza habari za kazi. Ananiita rubani, neno tupu, halina pua wala mkia. Ndilo neno nililolitaka. Nimelipata, na silirudishi.

Mwezi uliopita kulikuwa na asubuhi ya mawingu mazito, vilima vyote vya Ngara havipo. Nilikuwa najiandaa kwenda Mwanza. Nikamwona anakuja na dada kwenye nyasi zenye maji, amevaa suti. Walikuwa na msiba huko. Leseni yake ya vyombo hajaihuisha. Alisimama chini ya bawa la ndege yake mwenyewe, kofia yake ya heshima mkononi.

"Rubani, kuna nafasi?"

"Ipo. Dada akae mbele. Wewe kaa nyuma."

Hakubisha. Alijikunja akapita, magoti yakagusa kidevu. Niliwasha injini, nikapitisha macho juu ya vyombo, nikasikia nyuma yangu anahangaika na vyuma, anafungua, anafunga, anafungua. Miaka yote hiyo hakuwahi kukaa kwenye kiti kile.

"Rubani, samahani," akasema. "Huu mkanda wa huku nyuma unafungwaje?"

Nikamwelekeza bila kugeuka, neno kwa neno, kama ninavyomwelekeza abiria yeyote.